Maktaba ya Chuo: Kitabu cha Karatasi au Kitabu Pepe?

Hoja iliyo mezani: Vyuo vikuu vyetu vielekeze fedha za maktaba kwenye vitabu pepe, na vya karatasi vinunuliwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

MWANAFUNZI: Naunga mkono hoja, na nitaanza na hali ya kila siku. Darasa la mwaka wa kwanza lina mamia ya watu. Kitabu cha kiada kipo maktaba, lakini nakala ni tatu au nne, tena za kusomewa mle ndani kwa saa chache. Anayelala hosteli za chuo anawahi. Aliyepanga chumba Mbagala au Gongo la Mboto, akishuka kwenye daladala anakuta zimeshachukuliwa. Kununua je? Bodi ya Mikopo humpa mnufaika hadi shilingi 200,000 kwa mwaka za vitabu na viandikwa, na kitabu kimoja cha tiba au uhandisi kilichochapishwa Marekani huweza kuimaliza fedha hiyo yote, daftari bado. Kwa hiyo tunasoma kwenye simu. Kitabu pepe hufunguka hata saa sita usiku, hakina foleni ya kaunta, na hakidaiwi kesho asubuhi.

MHADHIRI: Shida hiyo naijua, mwanangu, lakini dawa unayoipendekeza inagusa kitu ambacho chuo kipo kwa ajili yake, yaani kuelewa. Mwaka 2018 watafiti Delgado, Vargas, Ackerman na Salmerón walichapisha uchambuzi wa tafiti 54 zilizofanywa kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi ya waliosoma kwenye skrini. Tofauti ilionekana kwenye maandishi ya maarifa, ndiyo hasa tunayosoma chuoni, na iliongezeka msomaji alipobanwa na muda. Jambo lililonishtua ni kwamba haikupungua miaka ilivyosonga, ilizidi. Wanaosema kizazi cha simu kitazoea, wasome matokeo hayo kwanza.

MWANAFUNZI: Nimeyasoma, Mwalimu. Watafiti hao hao wanasema tofauti yenyewe si kubwa, na kwenye hadithi haikuonekana. Tena katika tafiti za namna hiyo kila mshiriki alipewa maandishi, huyu kwenye karatasi, yule kwenye skrini. Sisi hatupo katika hali hiyo. Kwetu mmoja ana skrini na mwingine hana kitu. Anayekosa kitabu cha karatasi haendi kusoma kwa uelewa pungufu kidogo. Anaishia kwenye madesa ya mwaka juzi, kopi ya kopi, nusu ya maneno yamefutika. Ukinipa nafasi ya kuchagua kati ya madesa hayo na kitabu kizima kwenye simu, sitasita.

MHADHIRI: Basi dai nakala thelathini badala ya tatu. Kwa nini upungufu wa karatasi uwe sababu ya kuiacha karatasi?

MWANAFUNZI: Kwa sababu miaka yote tumedai thelathini na tumepewa tatu. Zikija, zimechelewa, na toleo jipya limeshatoka. Nyingine zinachanwa kurasa na wenzetu wasiojali, nami nakuta sura niliyoifuata haipo.

MKUTUBI: Niingie hapo, maana nyote wawili mnazungumza kama kwamba kitabu pepe kikishanunuliwa kimeenea kwa wote. Maktaba hainunui kitabu pepe kama inavyonunua cha karatasi, inanunua leseni. Ipo ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, ipo ya watatu, na ipo isiyo na ukomo, ambayo bei yake ni nyingine kabisa. Chuo kikichukua ya msomaji mmoja kwa darasa la watu mia tatu, foleni imehama tu kutoka kaunta kwenda mtandaoni. Bei nayo haifanani na ile mtu binafsi anayolipa. Mwaka 2020 wakutubi na wahadhiri wa Uingereza, nchi tajiri, walianzisha kampeni ya kulalamikia bei na masharti ya vitabu pepe vya vyuo vikuu. Kama wao walilia, sisi tujipange.

MWANAFUNZI: Lakini mama, si kila kitabu pepe kina kamba shingoni. Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 na huduma ya HINARI ya Shirika la Afya Duniani, unavipa vyuo vya nchi kama zetu majarida na vitabu bure au kwa ada ndogo. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice imekuwa ikitoa vitabu vya kiada vya fizikia, baiolojia, uchumi na hisabati bure tangu mwaka 2012. Hivyo unapakua, unabaki navyo, na ukitaka unavipeleka steshenari ukachapishe sura nzima bila kuvunja sheria.

MKUTUBI: Hivyo nakubaliana nawe bila masharti, na nasikitika kwamba wahadhiri wengi hawavitaji kabisa kwenye orodha zao za vitabu. Ila tazama ulichokisema mwishoni: unavipeleka steshenari. Mnapakua kwenye simu, kisha mnalipia kopi ili msome kwenye karatasi. Wanafunzi wenyewe wanatueleza kitu kwa miguu yao.

MHADHIRI: Na wanakieleza duniani kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukihusisha wanafunzi wa vyuo vikuu zaidi ya 10,000 katika nchi 21 ulionyesha kuwa walio wengi hupendelea karatasi kwa masomo yao, hasa maandishi yanapokuwa marefu. Mtafiti Naomi Baron wa Marekani aliwauliza wanafunzi wa Marekani, Japani, Ujerumani, Slovakia na India ni wapi akili zao hutulia zaidi wanaposoma. Asilimia 92 walisema kwenye karatasi. Hawa si wazee wa chaki. Ni vijana waliokulia kwenye skrini.

MWANAFUNZI: Kupenda ni jambo moja, kutumia ni jingine. Mtu anaweza kupenda karatasi moyoni na bado akafungua skrini mara kumi kwa siku, kwa sababu kazi iliyo mbele yake inataka skrini. Ninapoandika ripoti ya utafiti sisomi kitabu kutoka jalada hadi jalada. Natafuta neno, napata kurasa tano zinazolitaja, nazisoma, nanakili rejeleo, naendelea. Kwenye karatasi kazi hiyo inanila siku nzima kati ya rafu na rafu.

MKUTUBI: Takwimu zinamuunga mkono. Kati ya mwaka 2007 na 2009 shirika la Jisc la Uingereza liliweka vitabu pepe 36 vya kiada kwenye vyuo vikuu zaidi ya 120, na watafiti wakafuatilia kumbukumbu za kompyuta kuona wasomaji wanafanya nini hasa. Walikuta wengi hawakai hata dakika moja kwenye ukurasa. Wanaingia, wanatafuta, wanachukua, wanatoka. Kitabu pepe hutumiwa zaidi kama kamusi au ensaiklopidia kuliko kitabu cha kusoma.

MHADHIRI: Na mimi natumia ushahidi huo huo kumpinga. Mtu hujua cha kutafuta akiwa ameshasoma. Mimi leo naweza kuruka moja kwa moja hadi ukurasa wa 112 wa kitabu cha historia ya uchumi wa Afrika kwa sababu nilishawahi kukaa nacho mwanzo hadi mwisho, nikajua mwandishi anajenga nini. Mwanafunzi anayeanza kwa kutafuta neno hupata sentensi bila hoja yake. Ananukuu mahali mwandishi anapoeleza wazo la wapinzani wake, akidhani ndilo wazo la mwandishi. Kosa hilo nalisahihisha kila muhula, na halikuwa la kawaida hivi zamani.

MWANAFUNZI: Kosa hilo linatokana na kutofundishwa, Mwalimu, si na kioo.

MHADHIRI: Kioo kina sehemu yake. Watafiti Ackerman na Goldsmith walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2011. Wanafunzi walipopangiwa muda wa kusoma, karatasi na skrini zilitoa matokeo yanayokaribiana. Walipoachiwa wajipangie muda wenyewe, waliosoma kwenye skrini walifanya vibaya zaidi, huku wakiamini kwamba wameelewa zaidi ya walivyoelewa. Hatari iko hapo. Skrini inampa msomaji uhakika ambao hajaufanyia kazi. Anafunga simu akiwa ameridhika, anaingia kwenye chumba cha mtihani mikono mitupu.

MWANAFUNZI: Jaribio hilo hilo linanipa mimi ushindi. Kama matokeo yanakaribiana muda unapopangwa, basi kilichopungua ni nidhamu ya usomaji, na nidhamu hufundishwa. Tangu tufike chuoni tumefundishwa jinsi ya kuandika marejeleo. Hakuna aliyetufundisha kusoma sura ndefu kwenye skrini: jinsi ya kujipangia muda, kuzima mawasiliano, kuandika muhtasari kwa mkono kila baada ya kurasa chache, kujiuliza maswali kabla ya kusogea mbele. Mnatupa kifaa bila mafunzo, kisha mnakilaumu kifaa.

MHADHIRI: Lawama hiyo ya mafunzo ni halali, naipokea. Ila usiniambie mafunzo yatazima simu. Kifaa unachosomea ndicho kinachokuletea ujumbe wa kundi la WhatsApp, matokeo ya mpira na taarifa kwamba bando linaisha. Tafiti nyingi tulizotaja zilitumia kompyuta na vishikwambi. Wewe unasoma grafu ya uchumi kwenye kioo kinachoenea kiganjani, unaivuta huku na huku, ukiona mhimili mmoja mwingine umepotea.

MWANAFUNZI ASIYEONA: Naomba nafasi. Nimesikiliza ubora wa karatasi ukielezwa kwa kirefu, na hakuna aliyeuliza karatasi inamfanyia nini mtu kama mimi. Mimi sioni. Kitabu cha karatasi kikiletwa mezani kwangu, kinabaki kufungwa mpaka nimpate mwenzangu wa kunisomea, naye ana masomo yake. Breli ya vitabu vya chuo ni adimu, na kitabu kimoja cha sheria kikiwekwa katika breli hujaza majuzuu mengi. Kitabu pepe kilichoandaliwa vizuri nakisoma mwenyewe. Programu ya NVDA, inayopatikana bure, inanisomea kwa sauti, narudi nyuma, natafuta kifungu, nafika darasani nimejiandaa sawa na wenzangu. Mnapojadili asilimia za uelewa, kumbukeni kuna wasomaji ambao uelewa wao unaanzia sifuri kwenye karatasi.

MHADHIRI: Kwa hilo sina jibu la kukupinga, na nisingetaka kuwa nalo.

MWANAFUNZI ASIYEONA: Ahsante, Mwalimu. Lakini sijamaliza, na hili linawahusu wenzangu wanaounga mkono hoja. Vitabu vingi vinavyozunguka kwenye makundi yenu ni picha za kurasa zilizopigwa kwa simu au kupitishwa kwenye skana. Kwa programu yangu ukurasa huo ni picha tu, hauna neno hata moja. Vingine vimefungwa kwa ulinzi wa mchapishaji kiasi kwamba programu inazuiwa kuvisoma. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu viwekwe katika umbo linalofikiwa na wasioona bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Kenya iliridhia mwaka 2017, Uganda ikajiunga mwaka 2018, Tanzania mwaka 2020. Ruhusa ipo. Kazi ya kuvigeuza vitabu vyenyewe kwa wakati, kabla muhula haujaisha, ndiyo inayosubiri mtu wa kuifanya.

MCHAPISHAJI: Nami nina neno, kwa kuwa mimi ndiye ninayechapa vitabu hapa nyumbani. Hoja iliyo mezani inasema fedha ziende kwenye vitabu pepe. Vya nani? Maktaba hununua vifurushi vikubwa kutoka kampuni za Ulaya na Marekani, maelfu ya vitabu kwa mkupuo. Fungua vifurushi hivyo utafute vitabu vilivyochapishwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, uone utabaki na vingapi. Mwanafunzi wa Kiswahili anasoma Shaaban Robert, Kezilahabi, Mulokozi. Anahitaji uhakiki ulioandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa kwetu. Sehemu kubwa ya kazi hizo ipo kwenye karatasi. Fedha ya karatasi ikikatwa, kinachokatwa ni sisi, na baada ya miaka kumi mtatuuliza kwa nini hakuna vitabu vya kitaaluma kwa Kiswahili.

MWANAFUNZI: Mzee wangu, mbona hamvitoi katika umbo la kielektroniki? Tungevinunua. Tungelipia hata sura moja moja kwa simu. Kenya ilianza M-Pesa mwaka 2007. Leo njia ya malipo madogo ipo mfukoni kwa kila mmoja wetu. Mtu anayeshindwa kutoa elfu thelathini kwa mkupuo anaweza kutoa elfu mbili leo na elfu mbili mwezi ujao.

MCHAPISHAJI: Ninauza faili moja asubuhi, jioni liko kwenye makundi yote ya darasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, lakini nani atamfikisha mahakamani mwanafunzi aliyemtumia rafiki yake kitabu? Mwandishi ametumia miaka kuandika. Anaambulia nakala moja iliyouzwa. Steshenari iliniumiza kwa kopi. Simu inaniumiza zaidi, kwa sababu kopi yake haifubai na haina gharama.

MKUTUBI: Ule utafiti wa Jisc uliangalia pia mauzo, na haukukuta kwamba vitabu pepe vya maktaba vilipunguza mauzo ya vile vya karatasi. Kaka, huenda mteja wako mkuu si mwanafunzi mmoja mmoja. Chuo kikikulipa mara moja kwa haki ya darasa zima kusoma, umelipwa, mwandishi amelipwa, na hakuna haja ya kuiba.

MCHAPISHAJI: Chuo kikinilipa kwa wakati, nitatia saini kesho.

MKUTUBI: Hapo tumegusa kiini cha wasiwasi wangu kama mtunza vitabu: nani anabaki na kitabu. Mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za Nineteen Eighty-Four na Animal Farm za George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwisha kuzilipia, kwa mgogoro wa hakimiliki. Mwaka 2022, muhula ukiwa unakaribia, kampuni ya uchapishaji ya Wiley iliondoa vitabu zaidi ya 1,300 kwenye kifurushi kinachotumiwa na maktaba nyingi za vyuo. Ikavirudisha kwa muda baada ya kelele. Februari 2025 kampuni ya Clarivate ilitangaza kuacha kuziuzia maktaba vitabu kwa malipo ya mara moja ili zibaki kwenye usajili wa kulipia kila mwaka, na baada ya malalamiko ikasogeza tu tarehe mbele. Kitabu cha karatasi nilichokinunua mwaka 1985 bado kipo kwenye rafu. Ada ya usajili ikikosekana mwaka mmoja, maktaba ya kukodi inabaki tupu siku hiyo hiyo.

MWANAFUNZI: Na rafu nayo ina siku yake. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliteketeza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Takribani vitabu na machapisho 70,000 ya mkusanyo wa masomo ya Afrika yaliungua, mengine hayapatikani kwingine kwa urahisi. Kwetu hata moto hauhitajiki. Unyevu wa pwani, ukungu na mchwa vinafanya kazi hiyo taratibu. Tena, Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, vitabu vyote vya rafuni vilifungiwa ndani kwa makufuli. Aliyekuwa na kitabu siku zile ni yule aliyekuwa nacho kwenye kifaa chake.

MKUTUBI: Kweli tupu, nami Cape Town imenifundisha hivyo hivyo. Lakini tofautisha mambo mawili. Kilichopigwa picha kikahifadhiwa kwenye seva za chuo chenyewe kabla ya moto, kilisalimika kwa sababu kilikuwa mali ya chuo. Kitabu cha kukodi hakikuokoi na mkataba uliokwisha. Kama tunataka skrini, basi kwanza tuigeuze mikusanyo yetu wenyewe: tasnifu, magazeti ya zamani, vitabu vilivyokwisha madukani.

MHADHIRI: Nami nitaeleza mahali ninaposimama baada ya kuwasikia. Kutafuta, kurejelea, kusoma makala fupi, kumfikia asiyeona, kumfikia aliye mbali: skrini ichukue. Ila kila kozi ina kitabu kimoja au viwili ambavyo ndivyo uti wa mgongo wake. Hivyo vipatikane kwenye karatasi kwa idadi inayolingana na darasa, na mwanafunzi akae navyo wiki nzima. Chuo kikiondoa karatasi hata kwenye vitabu hivyo viwili, kitatoa wahitimu waliopita juu ya elimu bila kuikanyaga. Naendelea kuipinga hoja.

MWANAFUNZI: Nami naendelea kuiunga mkono, Mwalimu, kwa sababu idadi inayolingana na darasa sijaiona, na mtihani hausubiri. Ikija hiyo idadi, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni ya kaunta. Hadi siku hiyo fedha iende pale inapowafikia wengi.

MCHAPISHAJI: Iwafikie wengi, lakini isivuke mipaka yote huku ikituruka sisi.

MWANAFUNZI ASIYEONA: Na isinunue kitu ambacho mimi siwezi kukisoma. Kitabu nisichoweza kukifungua kimenunuliwa kwa ada yangu pia.

MKUTUBI: Basi ombi langu ni kwa kamati za maktaba, wakuu wa idara na serikali za wanafunzi. Kabla ya saini ya mkataba ujao wa vitabu pepe, mwenye kuuza aulizwe maswali manne, na majibu yabandikwe mlangoni mwa maktaba yasomwe na wote. Wasomaji wangapi watakifungua kwa wakati mmoja? Malipo yakisimama, kinabaki kwetu au kinaondoka? Mwanafunzi asiyeona atakisoma bila msaada wa mtu? Na kati ya vitabu vyote vilivyomo, vya waandishi na wachapishaji wa hapa kwetu ni vingapi? Kwenye vitabu vya karatasi liulizwe swali moja tu: nakala ngapi kwa wanafunzi wangapi? Wanafunzi, yaulizeni maswali hayo kwenye vikao vyenu, na msiondoke bila jibu la maandishi.